Siku Niliyomwaga Mawe ya Mwalimu

Niseme ukweli mapema, nisije nikasumbuliwa baadaye: mawe ya Mwalimu niliyamwaga mimi. Hakuna aliyenituma, hakuna shetani aliyenisukuma, na tela lenyewe halikuwa na hitilafu yoyote. Nilifungua komeo la mlango wa nyuma, nikapanda kwenye trekta, nikavuta mkono wa chuma nikiwa na akili zangu timamu, zile chache nilizojaliwa. Mawe mia na hamsini ya matumbawe, yaliyokatwa sawasawa kama miche ya sabuni, yakateremka kwa kishindo mpaka kuku wa jirani wakahama. Vumbi lilipotulia, mawe mazima yalikuwa machache kuliko marafiki zangu, na siku hiyo sikuwa na marafiki.

Kwa asiyelijua jiwe la kwetu, nieleze. Jiwe la matumbawe ukilijengea linawazika wajukuu zako likiwa limesimama, lakini ukilitupa chini linapasuka kama biskuti. Ndiyo maana huku Kwale mawe hayamwagwi. Timboni, pale yanapokatwa, wapakiaji huyapanga moja moja, yamebanana kama meno, na yakifika hushushwa vivyo hivyo, wa juu akimpokeza wa chini. Mtoto wa darasa la pili anayajua haya. Mimi niko kidato cha tatu.

Mama yangu ni kontrakta. Hujenga nyumba na kuta kuanzia Ukunda hadi Msambweni, na mafundi wanaume wenye ndevu humwamkia kwa adabu ambayo hata wakwe zao hawaipati. Trekta alikuwa nalo, dereva wake akiwa mjomba wangu, ndugu yake wa kufuatana. Tela ndilo hakuwa nalo. Mchanga, kokoto na mawe vyote vilikuja kwa lori la kukodi, na lori la kukodi ni kama mgeni wa harusi: huja litakapo, na likija linataka liheshimiwe.

Likizo ile Mama alikuwa akimjengea Mwalimu, mama mmoja mstaafu kutoka bara aliyenunua kiwanja Mwabungo. Msingi ulikuwa tayari, ukuta haukuwa umeanza. Wiki mbili lori lilitupiga chenga, na Mwalimu, aliyezoea kengele maisha yake yote, alichoka.

"Mama, mimi sina maneno mingi," alisema. "Jumatatu hiyo ukuta isipoanza, natafuta mtu mwingine."

Mama hakuwahi kunyang'anywa kazi. Mwanamke katika kazi hii akinyang'anywa moja, habari hufika Lunga Lunga kabla yake. Akaamua tela lipatikane kabla ya Jumatatu.

Yalikuwapo mawili. La kwanza jekundu, kubwa, la magurudumu manne, lililokuwa likibeba miwa upande wa Msambweni. Hilo halijipindui, unalolipakia utalipakua mwenyewe. Mjomba alilipenda kwa ukubwa wake, kama watu wanavyopenda sahani ya pilau. La pili buluu, la magurudumu mawili, limeundwa na fundi wa kuchomelea pale Ukunda. Dogo, lakini lina jeki ya mafuta chini yake: unavuta mkono kwenye trekta, linainua kifua, mzigo unateremka wenyewe.

Mimi nilikuwa wa buluu tangu siku ya kwanza, na sababu zangu zilikuwa za kitaalamu kabisa: kila likizo anayeshusha mchanga kwa koleo ni mimi. Nilimhutubia Mama juu ya maendeleo ya nchi, nikamwonyesha video kwenye simu, matela ya Ulaya yakimwaga kokoto kama maji.

"Na hao wa Ulaya," Mama aliniuliza, "wanapita vichochoro vya Mwabungo?"

Mama hachagui kitu kwa macho. Kwenye karakana ya fundi alichukua kipande cha kokoto akagonga bamba la sakafu ya tela, pembe hadi pembe, sikio karibu, kama daktari. Akauliza mlango wa nyuma umefungwa bawaba juu au chini. Ziko juu, fundi akasema. Mama akatikisa kichwa kukubali, maana mlango wa bawaba za juu ukiachiwa mzigo unausukuma na kupita. Halafu akachana katoni ya sukari, akaitandika chini ya jeki, akaagiza tela liinuliwe na kuachwa juu.

"Tukanywe chai," akasema.

"Mama, jeki ni mpya," fundi akalalamika.

"Mpya nzuri, baba. Acha ikae, nasi tukae."

Tuliporudi katoni ilikuwa kavu, bila tone la mafuta, na tela halijashuka hata kidole. Fundi akatabasamu kama aliyefaulu mtihani. Mjomba hakuridhika.

"Dada, hiki kisahani kitabeba nini? Lile jekundu safari moja, hili safari tatu."

"Na jekundu litapakuliwa siku nzima. Lakini sijalichagua hili. Kuinuka tupu hata mimi naweza. Nataka nilione likiinuka na mzigo, juu ya mchanga laini, pale pale kwa Mwalimu."

Fundi akakubali tulijaribu Jumamosi. Mama akatoa amri mbele yetu sote: mchanga, tela moja, kiwanjani saa nne. Yeye angetangulia.

Hapa ndipo kichwa changu kilipoanza kufanya kazi bila ruhusa. Mchanga niliuona hauna heshima. Nilitaka tukio. Nilitaka Mjomba alione tela dogo likimwaga mzigo wa wanaume, anyamaze mwaka mzima. Jumamosi asubuhi nikamwambia Mjomba kwamba Mama amebadilisha amri, tuchukue mawe ya ukuta.

"Amesema saa ngapi?"

"Alfajiri, ukiwa bado unakoroma."

Mjomba hakuona ajabu. Ukuta unahitaji mawe. Tukaenda timboni, wapakiaji wakayapanga vizuri, mmoja akanisifu eti nimekuwa mtu mzima. Maskini.

Tulifika Mwabungo saa nne kasoro. Tela lilipita kichochoro cha kwa Mwalimu kama sindano, mnazi huku, ua wa makuti kule. Mama alikuwa amesimama na Mwalimu kando ya msingi. Alipoona mawe nilimwona akikunja uso, lakini mbele ya mwenye kazi akaendelea na mazungumzo yao. Mjomba akaliacha trekta likinguruma, akashuka kuamkia na kutafuta wa kupokea mawe. Nyuma ya tela hapakuwa na mtu. Nikachungulia mara mbili, hilo nilifanya, nipewe haki yangu. Kisha nikafanya niliyoyaungama.

Kusema kweli lilikuwa zuri. Liliinuka taratibu kama mtu aendaye rukuu kinyumenyume. Raha yangu ilidumu mpaka jiwe la kwanza lilipogusa ardhi, na lile la pili likaligusa la kwanza.

"Astaghfirullahi!" Mjomba alipiga kelele. "We mwana, umelaaniwa?"

Mwalimu aliweka mikono kichwani. "Woi! Mama, sasa hiyo ndio ukuta yangu?"

Nilimtazama Mama. Nilitarajia kandambili, na kwa umbali ule hakosei. Lakini Mama hakuwa akinitazama mimi, wala mawe. Alikuwa amechuchumaa anaangalia magurudumu ya tela. Tela lilikuwa bado juu, limesimama wima, halikulala upande wowote, na tairi zake pana zilikuwa zimezama mchangani kiasi cha unyayo tu. Akainuka taratibu, akapanguza mikono.

"La, Mwalimu," akasema, sauti yake kama ya mtu anayemimina chai. "Hiyo ni sakafu yako. Msingi ule ndani ni mtupu, lazima ujazwe mawe yaliyovunjika ndipo saruji imwagwe. Nilipanga kuleta kifusi wiki ijayo. Kimekuja leo, na hulipii. Mawe ya ukuta yatafika kabla ya alasiri."

Mwalimu alitazama msingi, akatazama rundo, akamtazama Mama. "Na Jumatatu?"

"Jumatatu lete kiti, ukae uone."

"Nitaleta kweli," Mwalimu akasema, na nadhani alikuwa karibu kucheka.

Mimi nikaona upepo umegeuka. Nikashuka kwenye trekta na kifua mbele. "Si niliwaambia? Hili ndilo tela!"

Mjomba akanishika sikio, akaliacha, akalishika tena. "Dada, huyu nimfanye nini?"

"Mwache kwanza. Nishushie tela, nione likirudi."

Likashuka polepole bila kubamiza. Mama akapanda ndani, akagonga bamba kwa kisigino, akatafuta palipobonyea, hapakuwapo. Alichokipata ni komeo la mlango, lililopindwa na mawe. Akampigia fundi simu pale pale.

"Komeo lako jembamba. Niwekee nene, mawili, kila upande lake… Ndiyo, limejaribiwa. Limejaribiwa kuliko ulivyoomba… Hapana, baba, usiulize."

"Yaani unalichukua hili?" Mjomba akauliza. "Na jekundu?"

"Ndugu yangu, jekundu lingepita pale?" Mama alionyesha kichochoro, mnazi huku, ua kule. Mjomba alipima kwa macho, akajikuna shingo, akaenda kupanda trekta. Kwa Mjomba, hiyo ndiyo hati ya kukubali.

Safari ya pili timboni nilikwenda nimesimama juu ya chuma kinachounganisha tela na trekta, naimba. Nilikuwa nimeshinda. Tela nililolitaka lilikuwa letu, kazi ya Mwalimu haikutuponyoka, na likizo za koleo zilikuwa zimekwisha. Tuliporudi na mawe mapya, nikaona vijana wawili, wale Mjomba aliowatafuta wapokee mawe, wamekaa kivulini wanakunywa soda, hawana habari. Mama alikuwa amewanunulia. Akaja mpaka kwenye tela, akaweka mkono juu ya jiwe la juu kabisa, akaniambia:

"Tela ni la buluu, kama ulivyotaka. Mchanga litamwaga lenyewe, kokoto litamwaga lenyewe. Mawe ya ukuta huu, hata yawe elfu, utayashusha wewe, moja moja, mpaka shule zifunguliwe, na kila moja uliweke chini kama unalaza mtoto wa watu. Na ukimdanganya Mjomba wako tena kwa jina langu, wallahi, nitakupanga wewe kwenye msingi wa Mwalimu. Haya, anza, jua hilo linakwenda."