Majani ya Paina Kwenye Ntumba

Harufu ya paina hunikera hadi leo. Wageni wakifika Sumbawanga huivuta kwa nguvu na kuisifu hewa yetu. Mimi hubana pua. Kwangu ni harufu ya shamba letu mwaka ule ulezi ulipotukatalia, nami bado nasoma shule ya msingi, kijijini kwetu kando ya barabara ya Namanyere.

Sisi Wafipa hulima kwa ntumba. Mvua zikielekea kwisha, nyasi hukatwa na kufukiwa ndani ya vilima vidogo vya udongo, zikaachwa zioze hadi msimu unaofuata. Hapo ntumba hubomolewa, na ulezi humwagwa juu ya udongo mweusi ulionona. Mwaka ule nyasi hazikuwapo. Mbuga tuliyozoea kukata ilikuwa imepandwa paina miaka ya nyuma, na sasa miti ilikuwa imekua hadi chini yake hakukuota kitu, palijaa tu majani makavu ya kahawia, membamba kama sindano. Baba aliyaona akafurahi.

"Mama Kristina, si haya hapa? Nayo ni majani."

"Yamelala hapa miaka yote, Baba Kristina, mbona hayajaoza?"

Baba akamwambia asianze. Tuliyabeba kwa matenga, mikono ikinata utomvu, tukayafukia shamba zima.

Mwezi wa saba ukaja na baridi yetu, ile inayogandisha umande juu ya mabua. Kila asubuhi Baba alijitanda blanketi, akafukua ntumba mojawapo, akatoa majani na kuyakunja. Yalikatika kwa mlio mdogo, mkavu.

"Umesikia, mwanangu? Baridi inayavunja. Jua likikolea yataoza."

Nilimwamini. Nilitaka sana kumwamini, maana ghalani hakukuwa na chakula cha kutuvusha mwaka mwingine, na Mama alikwisha kuanza kupima unga kwa kiganja.

Mvua za kwanza ziliponyesha tukabomoa ntumba. Majani yalikuwa yamekatika vipande, hilo Baba hakukosea, lakini kila kipande kilikuwa kigumu na kilinuka utomvu uleule. Baridi ilijua kuvunja tu. Kuozesha ni kazi ya joto na vijidudu, na ndani ya udongo wetu uliopoa miezi yote vilikuwa vimelala. Baba aliokota bonge la udongo, akalinusa, akaliweka chini polepole. Ulezi aliumwaga hivyohivyo. Ukaota wa njano, ukadumaa, ukakauka kabla ya kutoa masuke. Mama hakumlaumu, heri angemlaumu. Baba akateremka bondeni, upande wa Kaoze, kutafuta kibarua, akarudi mgonjwa na hakushika jembe tena. Alipofariki, Mama alilipanda shamba lote paina, kwa kuwa hakuna kingine kilichokubali.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Mazwi, na ulezi naununua sokoni kama mtu asiye na kwao. Watu husema baridi ya siku hizi si kitu. Huenda imepungua, ila sioni kupungua kwake kumetusaidia nini. Juzi nilikwenda kufagia kaburi la Baba, lililo kwenye pembe ya shamba lile, chini ya miti. Majani niliyoyafagia mwaka jana niliyakuta pale pembeni nilipoyarundika. Nikaokota moja nikalikunja, likakatika kwa mlio uleule. Baba yangu amekwisha kuwa udongo. Majani yake bado.