Mkunga Mmoja, Vitanda Vitatu

Mimi ni mtu wa ofisi. Naanza barua, simu inaita, mkuu naye ananihitaji. Nikirudi mezani sijui nilitaka kuandika nini. Hata siku ya kujifungua, pale kituo cha afya Nzuguni, nilipanda kitandani na simu mkononi, nikijibu kundi la ofisi kati ya uchungu na uchungu. Ukaidi tu.

Tulikuwa akina mama watatu na mkunga mmoja, mtu mzima, kwa kuwa mwenzake alikuwa ameondoka na gari la wagonjwa. Nilimwamkia.

"Marahaba, mama. Weka hiyo simu."

Niliitia mkobani.

Kila alipotaka kuondoka kitandani kwa mtu, aliweka kiganja gotini pake na kumwambia amemwachia wapi. Kwangu alisema, "Nakuacha chupa ya uzazi haijapasuka. Moyo wa mtoto nausikia kama watu wawili wanaotwanga kwa kupokezana. Nikirudi tunaanzia hapo. Kikibadilika kitu, niite." Akanawa mikono, akaenda kwa jirani yangu, mama aliyetoka Kongwa, ambaye alizungumza naye kwa Kigogo. Akiwa kwake, mimi nilikuwa kama sipo duniani. Akirudi kwangu, alianzia pale pale, hata sentensi haikupotea. Nilisahau uchungu kwa kumtazama. Sikujua kwamba kichwa cha mtu kinaweza kuwa kizima namna ile mara tatu.

Chupa yangu ilipasuka akiwa kwa mama wa Kongwa. Nikaita. Naye hakukurupuka: aliweka kiganja gotini, akasema maneno yake ya Kigogo hadi mwisho, akanawa. Nilitamani kumtukana.

Akainama, akasikiliza tumboni kwangu. Akasikiliza tena.

"Nilikuacha wanatwanga wawili," alisema. "Sasa anatwanga mmoja."

Nilielewa mara moja kwamba moyo wa mtoto umepunguza mwendo, na woga ulionishika siwezi kuueleza. Alinigeuza ubavu wa kushoto, akaniambia nivute pumzi, akabaki na sikio lake tumboni pangu. Kule mtu alikuwa anaugulia uchungu, huku mwingine anaita, na yeye hakuinua kichwa. Nilimwomba Mungu bila maneno.

"Haya," alisema hatimaye. "Wa pili amerudi."

Alisikiliza tena kwa muda mrefu, kisha akawaendea wale wengine. Alikwenda na kurudi hivyo hivyo hadi binti yangu alipozaliwa, kabla ya adhuhuri, akipiga kelele za mtu aliyeudhiwa. Nililia nami, wala sikuona aibu.

Mkunga alimfunika kifuani pangu. Simu ilikuwa inatetemeka mkobani. Akaweka kiganja gotini pangu, kama alivyofanya tangu asubuhi.

"Nakuacha na binti. Ana joto, analia vizuri. Kuanzia hapo ni wewe."

Akanawa mikono, akaenda kwa mama wa Kongwa.