Mraba Wangu Katika Mchoro wa Daktari

Ugonjwa wa kaka yangu ulianza kuonekana kwenye viatu. Alikuwa fundi wa reli, nami niliishi naye na mama katika nyumba yetu ya Kaloleni. Ingawa alikuwa ameshapita miaka thelathini, miguu yake iliendelea kupanuka. Kisha kofia ikakataa kuingia, na taya likasogea mbele. Vijana waliokaa nje ya ukumbi wa mtaa walimngoja akitoka kazini.

"Niaje, buda! Hizo viatu umenunua ama umejenga?"

"Nimejenga. Landilodi akinifukuza, nahamia humo."

Walicheka, naye akacheka nao. Akifika nyumbani alijifunga kitambaa kichwani kwa sababu ya maumivu.

Daktari aliyempokea hospitalini alikuwa mwanamke mtulivu. Utafiti wake wote ulihusu tezi moja ndogo kama njegere, iliyo chini ya ubongo. Tezi ya kaka ilikuwa na uvimbe uliomwaga homoni ya ukuaji bila kukoma na kubana mishipa ya macho. Kwa watu wengi uvimbe huo haurithiwi. Lakini mama aliposema kwamba marehemu baba naye alikuwa na mikono kama sinia, na alikufa akiwa haoni, daktari alisogeza kiti karibu. Kwa miaka mingi alikuwa akitafuta familia zinazorithishana ugonjwa huo, ili aisake jeni yenyewe katika damu yao.

"Mama, hawa wawili baba yao ni mmoja?"

"Mmoja."

Akachora mraba wa baba, duara la mama, na miraba miwili chini yao. Wa baba na wa kaka aliipaka wino, alama ya ugonjwa. Wangu aliuacha mweupe, akanieleza kwamba huenda nami nimerithi, huenda sikurithi, nusu kwa nusu.

Tangu hapo tulikwenda kliniki pamoja, tukaingia pamoja, tukatolewa damu pamoja. Nilinunua vitabu vya baiolojia vilivyokwisha kutumika, nikavisoma kwa kamusi. Kila nilipofunga kamba za viatu nilipima kwa kidole nafasi iliyobaki mbele. Nilikuwa nimechumbia; nikaiahirisha harusi.

Jioni moja, tukila, mama aliniuliza huyo msichana ataletwa lini.

"Siwezi kuzaa mtoto nikijua huenda atapofuka," nikasema.

Mama aliuacha ugali wake.

"Daktari aliniuliza baba yenu," akasema mwishowe. "Hakuniuliza wewe nilikuzaa na nani."

Kwetu, mjane akirithiwa, watoto anaozaa baadaye huhesabiwa kuwa wa marehemu. Hubeba jina lake na hulima shamba lake. Mama hakuwa amemdanganya daktari. Mimi nilikua nikidhani baba alifariki nikiwa tumboni. Kumbe aliyemrithi mama ndiye aliyenizaa, naye alikuwa mtu wa ukoo tu, wala si wa damu ya karibu na baba. Nilimwita baba mdogo hadi alipokufa.

Kaka alijigusa taya. "Kumbe mali ya mzee nimerithi peke yangu," akasema, akacheka. Mama hakucheka, nami pia sikucheka.

Siku ya kliniki nilimweleza daktari. Alifuta mstari ulioniunga na baba, akaangalia kilichobaki: mraba mmoja mweusi chini ya mwingine.

"Nenda ukaoe," akaniambia kwa upole.

Nilikuwa nimeshakunja mkono wa shati. Akatikisa kichwa. Damu yangu haikuwa na la kumwambia tena. Nilikuwa nimeomba miezi yote hiyo kusikia hivyo, na sasa sikujua niuweke wapi mkono wangu.

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi letu. Kaka akaingia akipapasa ukuta, maana macho yalikuwa yamefifia. Kupitia mlangoni nilimsikia muuguzi.

"Leo uko peke yako, mzee? Ndugu yako yuko wapi?"

"Huyo?" kaka akasema. "Huyo amepona."