Ndiyo za Shangazi Fomu

Kwiii. Hivyo ndivyo lilivyolia geti la kwanza alilolisukuma akiwa na madodoso kwapani, na miaka kumi na saba baadaye bado anaweza kukuigizia mlio ule wa chuma kisichojua grisi. Alikuwa na maswali arobaini ya ndiyo au hapana, na kiatu cha kushoto kilikuwa kinamfinya.

Watoto wa mitaa aliyohoji ndio waliomwita Shangazi Fomu, jina likamganda. Alihoji watu kama mgeni mwenye adabu. Hodi mara tatu; asipoitikiwa, huyo anakwenda zake. Akikaribishwa hukaa, huulizia mgonjwa kama yupo, ndipo kalamu itoke.

"Kwa maswali hayo ungekuwa polisi, jela zingefurika," mumewe, fundi cherehani, humtania.

"Wa kwanza kuingia ungekuwa wewe."

Msimu huu chuo kilimtuma kuulizia maji na chakula. Wiki ya tatu akaitwa ofisini. Daktari, mtafiti kijana aliyeongoza kazi hiyo, alikuwa amezitandaza fomu zake mezani.

"Shangazi, ndiyo zako zimezidi. Mtu anasema maji yanamtosha. Swali la kumi na mbili, mtu yuleyule anasema maji ni shida kwake. Wenzangu wanasema umejijazia mwenyewe nyumbani."

 Mhojaji akishukiwa kujijazia fomu haitwi tena kazini, na sifa hiyo humtangulia kila ofisi.

"Mwanangu," alisema, "twende ukasikie kwa masikio yako."

Kesho yake walibisha kwa bibi mmoja, muuza mkaa, aliyekuwa kwenye fomu zile. Aliwapa viti viwili alivyokuwa navyo, yeye akakalia gunia. Madumu matatu yalikuwa yamelala ukutani, makavu.

"Bibi, maji yanakutosha?" Daktari aliuliza.

"Ndiyo, baba."

"Na je, maji ni shida kwako?"

"Ndiyo."

"Sasa bibi, tushike lipi?"

"Shika yote! Umetoka huko na jua lote hili, umenisalimia vizuri, halafu nikukatalie? Mimi sikulelewa hivyo."

Shangazi Fomu alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akaifunga fomu. "Bibi yangu, hebu nisimulie. Jana ulipata madumu mangapi?"

"Jana? Moja. Tena nililipata kwa jirani, baada ya kumbembeleza wee!"

Daktari aliandika haraka, pembeni kabisa mwa karatasi, mahali pasipo na kisanduku.

Njiani kurudi Daktari alitembea kama aliyetuliwa mzigo. Maswali yangebadilishwa, alisema. Wangeuliza mangapi, na lini, na kwa nani. Hata fomu za zamani zingefaa, mradi zimeandikwa kama watu walivyosema. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akatoa karatasi ya uthibitisho.

"Hapa nakusafisha jina, Shangazi. Limebaki swali moja tu, la kutimiza utaratibu. Umewahi kubadilisha jibu la mtu?"

Kalamu ilikuwa imeshatua kwenye kisanduku cha hapana. Shangazi Fomu alichotakiwa ni kunyamaza tu.

Lakini alikuwa akimwona mama wa chumba cha nyuma ya kinu cha unga, wiki ya kwanza ya kazi hii. Jiko lilikuwa na majivu ya juzi. Mwanawe mdogo alilala saa tano asubuhi, si kwa usingizi. Chakula kinawatosha? Ndiyo, dada, alijibu yule mama, akitabasamu, akimpangusia mgeni kiti.

Shangazi Fomu alihamisha mkoba kutoka bega moja hadi jingine. Sauti ilitoka ndogo mno, hata Daktari akalazimika kuinama.

"Ndiyo, mwanangu. Mara moja. Mkono ulikataa kuandika ndiyo."