Zamu za Shamba la Ofisi

Miaka ile ya Ujamaa ofisi nyingi zilikuwa na mashamba yao. Letu lilikuwa Mbezi. Kila Jumamosi watu sita walipanda lori mbele ya ofisi yetu pale Mchafukoge, wakaenda kulima. Zamu ziliandikwa kwa kalamu ya risasi ndani ya jalada lililozunguka vyumba vyote, kila mtu aone siku yake. Mimi nilikuwa karani wa masijala, na majalada yote yalikuwa mikononi mwangu.

Asubuhi moja meneja aliniita.

"Kuna mtu anachezea zamu," alisema. "Mhasibu anaenda shamba kila wiki. Jina la mwingine linafutwa, lake linawekwa. Nani anamwonea mzee wa watu? Nitafutie."

Mhasibu wetu alikuwa mtu mzima wa Newala, mkimya, shati jeupe, viatu vinang'aa. Sote tuliamini kuna anayetumia upole wake.

Nikaweka utaratibu. Jalada halitoki bila anayelichukua kusaini. Kabla halijatoka nanakili majina, likirudi nalinganisha. Wenzangu walinuna. Mpiga chapa, dada mcheshi aliyetoka kujifungua miezi michache nyuma, aliniuliza, "Siku hizi umekuwa polisi?"

"Nimetumwa, dada."

Jalada likaenda kwake, likarudi salama. Likaenda kwa mtunza stoo, salama. Kisha mhasibu akaja kulichukua mwenyewe, akalirudisha baada ya chai. Nilipolifungua, jina la mpiga chapa lilikuwa limefutwa, na juu yake limeandikwa la mhasibu, kwa mwandiko wake mwenyewe uliolala upande.

Nilimfuata chumbani kwake, nikafunga mlango.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, zamu umebadilisha wewe?"

Alivua miwani, akaifuta taratibu. "Nimebadilisha mimi. Yule binti ananyonyesha. Akafanye nini juani?"

"Na wiki iliyopita ulimfuta mtunza stoo. Naye ananyonyesha?"

Akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. "Mwanangu, mimi nimepanga chumba kimoja Kariakoo. Tangu nitoke kwetu sijapata hata pa kupanda mchicha. Jumamosi nikishika jembe, wiki nzima nalala vizuri. Lakini nikisema wazi kwamba napenda, watu watasema najipendekeza kwa wakubwa."

Nilimweleza meneja. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Siku hiyo hiyo alimteua mhasibu kuwa msimamizi wa shamba, aende kila Jumamosi bila kumfuta mtu. Mpiga chapa akasamehewa zamu zake mpaka mtoto atakapoanza kutembea.

Masika yalipokuja, bonde la Jangwani likajaa maji na lori likashindwa kupita. Mzee alirudi ofisini amenuna kama mtoto aliyenyimwa sikukuu. Lakini mvua ile ile ilitupa mahindi ya kutosha. Tuliyachoma uani kwa ofisi, na wenye maduka ya jirani wakaja kuomba.

Zamu yangu ilipofika nilimkuta shambani amevaa kaptura na kandambili. Alinionyesha tuta la mihogo, akaniambia nianzie pale. Kisha akaenda kupalilia upande wa pili, huku akiimba Kimakonde kwa sauti kubwa ambayo ofisini hatukujua kama anayo.