Choya Ilipogeuka Kijani

Asubuhi hii nimechovya kijikaratasi cha kupimia ndani ya tangi la samaki la binti yangu, kikatoka buluu zaidi ya jana. Ukikaa Mwanakwerekwe na kisima chako kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, hilo halikushangazi. Maji yetu yana chokaa tangu huko chini. Wenye kujua wanakiita kipimo hicho pH. Kikishuka, maji yamechachuka. Kikipanda, yanakuwa makali. Na samaki wa dhahabu anataka pale katikati au juu kidogo. Nikakiinua kijikaratasi kwenye mwanga wa dirisha, na mwenzangu, nikajikuta uwani kwa bibi yangu, Mji Mkongwe, nimeshika kikombe cha choya.

Uwani pale palikuwa na birika la kuhifadhia maji ya mvua. Mvua ikinyesha, maji yalishuka kwenye mfereji wa bati kwa kishindo, na sisi watoto tukatumwa kuleta ndoo, makopo, hata bakuli za uji. Ndani ya birika waliishi samaki wa dhahabu, wanaokula viluwiluwi vya mbu. Walikuwa wa ami yangu, mdogo wake baba, mziwanda wa Bibi. Alipokwenda Maskati kutafuta maisha alimkabidhi mama yake samaki hao, akasema, "Mama, n'tunzie mpaka nirudi." Bibi alilichukua neno lile kuwa amana. Miaka ikapita, samaki wakazaana, na kila aliyeingia uwani aliambiwa hawa ni wa fulani, yuko safarini.

Kila mwaka kabla ya masika birika lilipakwa chokaa, na chokaa mbichi huyatia maji ukali. Basi samaki walihamishiwa kwenye beseni chini ya ngazi, na Bibi akaanza kusubiri. Vijikaratasi hakuwa navyo. Alikuwa na choya, yale maua mekundu tunayochemsha kwa kinywaji. Zamani, alipokuwa akisuuza kikombe kwa maji ya birika lililopakwa karibuni, aliona masalia ya choya yamegeuka kijani, na tangu hapo ikawa ndiyo mizani yake. Tone likibaki jekundu, maji yamechachuka. Likiwa zambarau, ni salama. Likiwa kijani, samaki haingii. Kazi ya kudondosha ilikuwa yangu, na sikuichoka, kwa sababu choya iliyobaki, yenye sukari na tangawizi, niliimaliza mimi.

Hata rangi ikiwa nzuri, maji yalibadilishwa kidogo kidogo. "Yashalala?" Bibi aliniuliza kabla hajaniruhusu kumimina, maana maji yaliyotekwa leo yalingoja mpaka kesho. "Maji atayazoea," alikuwa akisema. "Haraka hawezi kuizoea."

Kisha zikaja habari kwamba ami anakuja kula Idd nyumbani. Nyumba ikapinduliwa juu chini. Birika lilikuwa limepata ufa, na baba, aliyetaka mdogo wake akute kila kitu kinang'aa, akaita fundi aliyelipaka saruji mahali pa chokaa. Saruji inakauka upesi, lakini ukali wake hautoki upesi. Nikadondosha choya: kijani. Kesho yake kijani. Bibi alikuwa anakanda unga wa vileja, vile vibiskuti vya Idd, akaniambia nijaribu tena, na tena ikawa kijani.

Mkesha wa Idd baba akarudi kutoka sokoni Darajani na kikapu cha ndimu. Kwetu samaki na ndimu haviachani. Wa mchuzi anasuguliwa ndimu, wa kukaanga anakamuliwa ndimu. Baba aliona kinachoweza kuondoa shombo hakishindwi na saruji. Akakamua kikapu kizima, akakoroga, akaomba kikombe. Choya ikawa zambarau, ile ile hasa.

"Mama, njoo uone! Maji yako sawa."

Bibi alikitazama kikombe, akauliza, "Yashalala?"

"Mama, mwanao kesho yupo hapa. Atakuja kuwakuta samaki wake kwenye beseni la kufulia?"

Hapo Bibi alishindwa. Alimtaka mwanawe ayaone yote yako mahali pake. Akawamimina mwenyewe.

Alfajiri nilimkuta ameinama juu ya birika na kikombe mkononi. Choya ilikuwa kijani tena. Saruji ilikuwa imeimaliza ndimu yote na kuendelea na kazi yake. Samaki walielea ubavu, wote. Bibi hakulia. Alituambia tu, "Mtu asinitangulie. N'tamwambia mwenyewe, akiniuliza."

Ami alikuja na manukato na mablanketi, akacheka na kila mtu, akala vileja mpaka tukamwonea wivu. Bibi alimkalisha uwani makusudi, kiti chake karibu kabisa na birika. Akasubiri. Ami alinawa mikono kwa maji yale, akaisifu saruji, akahadithia Maskati. Idd ikaisha, akafunga mizigo yake, na samaki hakuwauliza. Gari lilipokata kona Bibi alibaki mlangoni, ushungi umemteleza, wala hakuurekebisha.

"Hakuwakumbuka," alisema. Sikumsikia akiwataja tena, wala choya haikuchemshwa tena nyumba ile.

Sasa nyumba si yetu. Birika limefunikwa sakafu, na juu yake wageni wanakunywa kahawa. Bibi yupo makaburini hapa hapa Mwanakwerekwe, si mbali na kwangu, na mimi ndiye nimebaki na tangi la kioo. Binti yangu aliliacha alipokwenda kusoma ng'ambo. "Mama, nitunzie," alisema, nami nikaitikia bila kufikiri. Nayalaza maji, namimina kidogo, napima. Wote wazima. Kila Ijumaa anapiga simu, ananiuliza presha, ananiuliza umeme, ananiuliza hata paka wa jirani. Samaki siwataji. Nimeona bora nisubiri, na kusubiri huku kunaniumiza kuliko nilivyodhani.

Jana, kabla ya kukata simu, akasema, "Mama, kuna kitu nataka kukuuliza." Nikaishika simu kwa mikono miwili.

Alitaka kujua vileja vinatiwa sukari kiasi gani.