Jiwe la barafu sebuleni kwa Nassor

Leo nimelikuta jiwe la machimboni sebuleni kwa Nassor, sahibu yangu tangu tulipotoka Unguja miaka ya sitini.

Ni yale machimbo ya zamani yanayohifadhiwa, ambako ni marufuku kuondoa hata kokoto.

Mwezi uliopita nilimpeleka huko mimi mwenyewe. Nikamweleza (mnanijua) kwamba zamani mno nchi hii tuliyohamia ilifunikwa na barafu, na barafu ndiyo iliyoliburura jiwe lile na kulichora mikwaruzo.

Leo liko kando ya chetezo cha ubani!

Nikaweka finjani ya kahawa chini bila kunywa. Kwa desturi, mwenyeji akiona hivyo hujua mgeni ana haja, naye hana budi kuitimiza.

"Sema, Maalim. Umeshapata."

"Nnataka jiwe lirudi lilikotoka."

Akacheka. "Lichukue! Si wewe uliyesema ndilo bora kuliko yote? Tena nimelitengeneza. Fundi kalisugua siku mbili, yale makwaruzo yote yametoka."

Nikalipapasa. Laini kama sabuni.

Ile mikwaruzo ndiyo iliyokuwa ushahidi wa barafu.

Haja yangu kanitimizia, kwa hiyo ilinibidi niinywe kahawa yake.

Nyinyi mngeinywa?